Mapenzi Hayakuiua Hadithi

Ipo kauli moja iliyogeuzwa kanuni na watungaji wa tamthilia za televisheni, na washabiki wengi wameipokea kana kwamba haina mjadala: ati wapenzi wakishakutana, hadithi yao imekwisha. Waache wagombane, watazamane kwa jicho la pembeni, simu ilie kila mara wanapokaribia kutamkiana neno. Hapo watu watatazama mwaka nenda mwaka rudi. Lakini usiku mmoja tu wakilala kitanda kimoja, basi itafutwe sanda. Huko Marekani kauli hii ina jina lake. Huitwa laana ya Moonlighting, kwa kunasibishwa na tamthilia ya wapelelezi iliyoonyeshwa na kituo cha ABC tangu tarehe 3 Machi 1985 hadi tarehe 14 Mei 1989.

Kauli hiyo ni ya uongo, na uongo wake hauishii katika soga za barazani. Unawafunza watu jambo baya juu ya mapenzi na juu ya fasihi kwa pamoja. Unawafunza kwamba mapenzi ni njaa tu, na kwamba aliyeshiba hana tena la kusema. Inafaa, kwa hiyo, kesi hii ifunguliwe upya, ushahidi uangaliwe mmoja mmoja, na mtuhumiwa aachiwe huru iwapo hana hatia.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Maddie Hayes, mwanamke aliyepata jina na mali kwa kupigwa picha za matangazo, anaamka siku moja na kukuta mhasibu wake ametoroka na fedha zake. Kilichombakia ni vijishughuli vichache vilivyowekwa makusudi vipate hasara ili kodi ipungue. Kimojawapo ni ofisi ya upelelezi mjini Los Angeles, inayoendeshwa na kijana mwenye maneno mengi kuliko wateja, David Addison. Maddie anakwenda kuifunga; David anamsihi asiifunge; na hapo ugomvi wao unaanza. Maddie alichezwa na Cybill Shepherd, aliyekuwa na jina tayari. David alichezwa na Bruce Willis, ambaye wakati huo hakuwa akijulikana. Mbunifu wa tamthilia alikuwa Glenn Gordon Caron.

Uhalifu, kusema kweli, ulikuwa kisingizio. Watu walikuja kusikiliza mazungumzo. Maddie na David walijibizana kwa kasi, maneno ya huyu yakipanda juu ya maneno ya yule, kiasi cha kuwa mswada wa sehemu moja ulikaribia mara mbili ya urefu wa mswada wa kawaida wa saa moja. Mpokea simu wa ofisi, Agnes DiPesto, alikuwa akiwajibu wateja kwa vina. Mwezi Novemba 1986 ilionyeshwa sehemu nzima iliyotungwa kwa mizani ya kishairi, kwa kufuata The Taming of the Shrew ya Shakespeare. Wapenzi wa ushairi wana haki ya kuidai tamthilia hii kuwa ni jamaa yao wa mbali. Ilisimama juu ya malumbano, na malumbano ni sanaa ambayo watu wa pwani hawahitaji kufundishwa utamu wake.

Kwa misimu miwili na zaidi washabiki waligawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ilitaka wawili hao waunganishwe upesi, na kila sehemu iliyokwisha bila ya hilo kutokea iliwaacha na hasira. Kambi ya pili ilitaka wasiunganishwe kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba utamu wote umo katika kungoja, na kwamba chungu kikishafunuliwa harufu hutoweka. Kambi hizi mbili zilionekana kuwa ni mahasimu, lakini zilikuwa na imani moja. Zote mbili ziliamini kwamba kukutana ndio mwisho: wa kwanza waliutaka mwisho huo kama zawadi, wa pili waliuogopa kama msiba. Hakuna kambi kati yao iliyouliza Maddie na David watazungumza nini asubuhi yake.

Watungaji waliamua mwanzoni mwa mwaka 1987. Aliletwa mwanamume wa tatu, mwanaanga aitwaye Sam Crawford, aliyechezwa na Mark Harmon, naye akamposa Maddie. Kwa sehemu kadhaa Maddie alikuwa baina ya wawili, na nchi nzima ikangoja naye. Tarehe 31 Machi 1987, baada ya matusi na makofi, Maddie na David wakaangukiana. Kilichofuata kinajulikana. Msimu wa nne ulilegea, msimu wa tano ulikonda, na mwezi Mei 1989 ofisi ya Blue Moon ikafungwa. Wapimaji wa mambo wakaitazama kalenda, wakaona kukutana kumetangulia na kifo kimefuata, wakatoa hukumu: mapenzi ndiyo yaliyoua.

Hukumu hii ni ya haraka mno. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala hakuna mtu anayesema jogoo ndiye aliyelileta jua. Anayetaka kujua kilichoiua hadithi hana budi kuutazama msimu wa nne wenyewe, akiuliza swali jepesi: Maddie yuko wapi? Jibu ni kwamba hayupo. Msimu ulipoanza Septemba 1987, Maddie alikuwa amekimbilia kwa wazazi wake Chicago, na David amebaki Los Angeles. Sababu haikuwa ya kifasihi. Cybill Shepherd alikuwa mjamzito wa watoto pacha, waliozaliwa Oktoba mwaka huo. Bruce Willis naye aliingia katika upigaji wa filamu ya Die Hard, iliyotoka mwaka 1988. Kwa sehemu kubwa ya msimu huo wawili waliopendwa kwa sababu ya kujibizana hawakuwemo katika chumba kimoja, na mara nyingine hawakuwemo katika mji mmoja. Mahali pao palijazwa na Agnes na mchumba wake, Herbert Viola, watu wa kupendeza ambao hawakuwa wameumbwa kuubeba mzigo wote.

Basi ni kitu gani walichonyimwa watazamaji? Wenye kuamini laana husema walinyimwa hamu, kwa kuwa hamu ilikwisha timizwa. Ushahidi unasema walinyimwa mazungumzo. Tamthilia haikupata kuonyesha Maddie na David wakiishi pamoja, hata ikajulikana kama maisha hayo yanachosha au hayachoshi. Iliwaunganisha usiku mmoja, kisha ikawatenga kwa umbali ambao haikuwahi kuwatenga walipokuwa maadui. Mtu akimweka samaki juani kwa wiki nzima, kisha akalalamika kwamba bahari imemharibia samaki wake, atachekwa. Na hivyo ndivyo kukutana kulivyolaumiwa kwa kosa la kutengana.

Upo na ushahidi mwingine. Lau laana ingekuwa ya kweli, watazamaji wangeondoka mara tu baada ya Machi 1987. Hawakuondoka. Msimu wa 1987 hadi 1988, pamoja na udhaifu wake wote, ulibaki miongoni mwa vipindi ishirini vilivyotazamwa zaidi nchini Marekani. Watu waliendelea kuja, wakakaa mbele ya televisheni kila Jumanne wakiwangoja wawili wao warudi na waanze tena kusemezana. Mvumilivu hula mbivu, husema wahenga, lakini hawa walivumilia wakaandaliwa mbichi. Maddie aliporudi kutoka Chicago mwanzoni mwa 1988, alirudi akiwa ameolewa na mtu waliyekutana garini moshi, mtu ambaye watazamaji hawakumjua wala hawakuwa na sababu ya kumjali. Ndoa hiyo nayo ikavunjwa baadaye kana kwamba haikuwepo.

Tena kulikuwa na mambo ya kiwandani. Tamthilia hii ilikuwa maarufu kwa kuchelewa. Wakati ambapo msimu wa kawaida wa siku zile ulikuwa na sehemu ishirini na mbili, msimu wa tatu wa Moonlighting ulikuwa na sehemu 15, wa nne 14 na wa tano 13. Wiki nyingi watu waliketi kungoja kipya wakarushiwa cha zamani, na kituo chenyewe kikafanya mzaha juu ya kuchelewa huko katika matangazo yake. Mwezi Machi 1988 waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma, na mgomo wao uliendelea hadi Agosti, hivyo msimu wa tano haukuanza mpaka Disemba. Zaidi ya yote, Caron alikuwa amekwisha ondoka. Aliyezianzisha sauti hizo mbili hakuwepo tena kuzisikiliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema aliuacha mnazi, na wateja wakaambiwa kwamba kilichoharibu tembo ni harusi.

Haki inadai hoja ya upande wa pili isikilizwe katika sura yake yenye nguvu. Wanasema hivi: hadithi huendeshwa na swali, na swali likishajibiwa mashua haina tanga. Shairi la mapenzi huzaliwa katika kukosa. Mwenye kupata hulala usingizi. Leila na Majnuni wangeoana mapema, nani angelijua jina lao? Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa ni kweli kwamba hadithi inahitaji swali. Kosa lake ni kudhani kwamba lipo swali moja tu. Swali la kama watapatana ni la mlangoni. Ndani ya nyumba yamo mengine mengi: nani ataomba radhi kwanza, nani atakumbuka neno lililosemwa kwa hasira, fedha zitakuwa za nani, mzaha wa jana utachekesha kesho, na mtu anayeijua kila hila ya mwenziwe atamshangaza kwa lipi. Mtungaji anayesema swali limekwisha ametangaza kwamba hajapata kuingia ndani.

Na ajabu ni kwamba watu wa Moonlighting walikuwa na kiongozi mikononi mwao. Caron amepata kueleza kwamba wazo la Maddie na David lilimjia baada ya kuuona mchezo wa The Taming of the Shrew jukwaani New York. Mchezo huo wa Shakespeare una maonyesho matano, na harusi ya Petruchio na Katherina hufungwa katika onyesho la tatu. Yaliyobaki, na ndiyo makali kuliko yaliyotangulia, ni ugomvi wa mume na mke. Mtu anaweza kuchukizwa na namna Petruchio anavyomtendea mkewe, na wengi leo huchukizwa. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba mchezo unalala baada ya ndoa. Tamthilia iliyozaliwa na mchezo wenye harusi katikati ikaja kutolewa kuwa ni ushahidi kwamba harusi ni mwisho. Kama si kwamba watu wamezoea kulirudia jambo bila ya kulitazama, kichekesho hiki kingetosha kuimaliza kesi.

Ushahidi haukosekani kwa jirani pia. Miaka minne kabla ya Moonlighting, mwaka 1981, kituo cha NBC kilianza kuonyesha Hill Street Blues, tamthilia ya kituo cha polisi cha mji usiotajwa jina. Mchana kutwa Kapteni Frank Furillo na wakili Joyce Davenport, mtetezi wa washtakiwa maskini, wanakabana koo kwa sababu ya sheria. Sehemu ya kwanza kabisa haijamalizika, mtazamaji anagundua kwamba wawili hao ni wapenzi. Siri iliyofichwa kwa wengine miaka mitatu, hapa ilitolewa usiku wa kwanza. Baadaye wakaoana. Tamthilia haikufa, ilidumu hadi mwaka 1987, na ilitunukiwa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora miaka minne mfululizo. Mapenzi ya Furillo na Davenport hayakuwa fumbo la kuteguliwa. Yalikuwa ni mahali ambapo watu wawili waliochoka walirudi usiku wakiwa bado wanabishana kuhusu haki.

Anayetaka mfano mkongwe zaidi akumbuke filamu za Nick na Nora Charles, zilizotokana na riwaya ya Dashiell Hammett ya mwaka 1934, The Thin Man. Mpelelezi na mkewe wamekwisha oana tangu picha ya kwanza, na kwa filamu sita, hadi mwaka 1947, watu walilipa kiingilio kuwasikiliza wakitaniana. Na anayetaka mfano wa karibu atazame Bones, tamthilia ya mtaalamu wa mifupa na mpelelezi wa FBI iliyoanza mwaka 2005. Wawili wake waliunganishwa mwaka 2011, na hadithi ikaendelea misimu sita zaidi, hadi 2017. Laana gani hii inayochagua wa kumpata?

Wasomaji wa pwani nao hawahitaji kusafiri mbali kupata jibu. Alfu Lela Ulela, iliyosimuliwa katika nyumba za mwambao kwa vizazi, haianzi na uchumba. Shahrazadi anaolewa kwanza. Usiku wa harusi ndipo hadithi inapofunguka, na kinachomweka hai kwa siku elfu na moja ni kuwa na la kumwambia mumewe. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utendi wake mnamo mwaka 1858, hakumfundisha namna ya kuposwa. Alimweleza namna ya kukaa na mume. Msomaji wa leo anaweza kuzipinga nasaha zake, lakini hawezi kukana kwamba mama huyo aliona ndani ya ndoa mambo ya kujaza utendi mzima. Na Shaaban Robert, alipomtungia mashairi mkewe Amina aliyefariki, hakuwa akimlilia msichana aliyemwona dirishani. Alimlilia mtu aliyeishi naye, na uchungu wa shairi umetokana na wingi wa siku walizokuwa pamoja.

Hapa ndipo lawama inapowafikia watunzi wa nyumbani. Ni mara ngapi magazeti na redio hujazwa mashairi ya mapenzi ambayo yote yana mtu mmoja tu, naye ni mwenye kuugua? Usingizi haumjii, chakula hakimpiti kooni, tabibu hajui dawa yake. Mpenzi mwenyewe hana sauti. Ni jina tu, au ua, au jicho. Mtunzi wa namna hii akiulizwa mbona haandiki juu ya mke aliyeko nyumbani, hutabasamu kana kwamba ameulizwa swali la kitoto. Amekwisha ingia katika imani ile ile ya wenye televisheni: kwamba mtu akishapatikana hastahili tena ubeti. Hiyo ni dharau, na anayedharauliwa zaidi ni mwanamke. Anatafutwa kwa diwani nzima, na siku akija anazimiwa taa.

Kosa la Moonlighting basi lipo, lakini si lile lililoandikwa katika hukumu. Usiku ule wa Machi 1987 watungaji hawakuwa na lugha ya kuwaunganisha wapenzi wao isipokuwa lugha ya vita. Wawili waliokuwa mabingwa wa maneno walifikishwa kwenye mapenzi kwa kofi, kana kwamba maneno yamewaishia mahali walipoyahitaji zaidi. Hiyo ilikuwa dalili. Waliokosa neno la kusema usiku huo hawangeweza kuwa nalo asubuhi, na badala ya kulitafuta wakampeleka Maddie Chicago. Iwapo kulikuwa na laana, ilikuwa ni uvivu, ukisaidiwa na bahati mbaya.

Sehemu ya mwisho, ya tarehe 14 Mei 1989, ina kejeli ambayo wenye kuamini laana hawaitaji mara nyingi. Agnes na Herbert wanafunga ndoa. Maddie na David wanarudi ofisini wakakuta mafundi wanaibomoa, na mtu wa studio anawaambia kwamba watazamaji hawawataki tena. Wanakimbilia kanisani wakitaka kuoanishwa upesi, kana kwamba harusi ya kulazimishwa ingeweza kurudisha kilichopotea. Mwishoni yanatokea maandishi yanayosema kwamba ofisi imefungwa, na kwamba kesi ya Anselmo, ile iliyotajwa mara kwa mara kama mzaha, haikupata kutatuliwa. Watungaji walijua kwamba wameacha jambo bila ya kulimaliza.

Kwa miaka mingi haikuwa rahisi kuipata tamthilia hii, kwa sababu ya haki za muziki uliotumiwa ndani yake. Oktoba 2023 ilianza kuonyeshwa upya Marekani katika huduma ya Hulu, na watu waliozaliwa baada ya 1989 wakaweza kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Hao wanayo nafasi ambayo wazee wao hawakuwa nayo: wanaweza kuupita Machi 1987 bila ya kungoja miezi, na kujionea wenyewe ni wakati gani hasa utamu unapungua. Wakiwa na masikio watagundua kwamba hupungua pale Maddie anapopanda ndege, na kila mara wawili hao wanaporudishwa mezani wakaanza kukatizana maneno, moto huwaka tena, kukutana kwao kuwe kumetangulia au hakukutangulia.

Kwa hiyo mtunzi, wa tamthilia au wa shairi, asijifiche nyuma ya laana. Akiwaunganisha wapenzi wake kisha akashindwa kuendelea, aseme ameshindwa, apumzike, arudi kazini. Wapo watu wengi majumbani walioishi pamoja miaka thelathini na bado hawajamaliza kubishana, na hakuna kati yao anayedhani hadithi yake ilikwisha usiku wa kwanza.